Binti Yangu Hana Shida Hata Moja

Jumatatu, 30 Septemba

Balaa. Chuo kinataka insha. Swali lenyewe: mwombaji aeleze shida kubwa iliyowahi kumpata na namna alivyoishinda. Nimelisoma jikoni nikiwa nimesimama, kahawa ikipoa. Kisha nikamtazama Linnea. Alikuwa anakula mkate wenye siagi huku akisoma kemia, mashavu yamemnawiri kama mtoto wa kwenye tangazo la maziwa. Shida? Huyu?

Nimeyapitia maisha yake yote kichwani. Hajavunjika hata kidole. Babu zake wote wawili wako hai, bibi zake wote wawili wako hai, na wanne hao hucheza bingo pamoja bila kugombana. Mimi na mke wangu Marlys tunapendana. Hatujawahi kulala njaa. Hata mbwa wetu wa kwanza hakufa. Alihamia kwa jirani kwa hiari yake mwenyewe.

Na wa kulaumiwa ni mimi. Tangu akiwa na miaka mitano nimemfundisha mwenyewe kwenye meza hii, hapa Tamarack Falls, Minnesota kaskazini, mbali na wahuni wa uwanja wa shule, mbali na mafua ya watoto wa watu, mbali na kila kitu. Mimi ndiye mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mpishi wa chakula cha mchana na mpiga kengele. (Kengele ipo. Marlys ameificha.) Na kazi yangu nyingine ni wakala wa bima! Mtu anayeishi kwa kuwakinga wenzake na majanga, angeacha janga lipenye hadi kwa mwanawe?

Sasa Chuo cha Wexcombe, kule mashariki, chuo kikongwe chenye majani yanayotambaa ukutani, kinauliza janga liko wapi.

Marlys anasema mtoto aandike anachotaka. Marlys ni nesi. Mambo ya udahili hayajui.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mkutano wa wazazi tunaosomesha nyumbani, chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri. Kahawa ya maji maji, keki za limau. Dwight Pfeiffer akasimama bila kuombwa, akasoma kwa sauti insha ya mwanawe Ezra. Ezra naye anaomba Wexcombe. Insha inahusu banda lao la ng'ombe lililoungua Machi. Moshi, ndama wanalia, kijana anarudi ndani mara ya pili. Akina mama walitoa vitambaa. Mwenye nyumba ya kuoka mikate alilia hadi miwani ikaingia ukungu.

Ezra mwenyewe aliinamia viatu vyake muda wote.

Wengine wana bahati jamani. Na banda lile bima yake niliishughulikia mimi! Shida ile imepita mikononi mwangu, nikawapa watu wenyewe, sikubakiza hata kipande.

Baadaye Dwight akanishika bega kwenye meza ya keki. Akaniuliza sisi tumeandika nini. Nikasema bado tunachagua, maana shida zetu ni nyingi.

"Taja moja, ndugu yangu."

Nikamwambia chumba chetu cha chini kiliingia maji wakati theluji ilipoyeyuka.

"Nilisikia ni ndoo mbili," akasema. "Pole. Si kila mtu anajaliwa."

Sikumaliza keki yangu. Nilikula ya Linnea.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mpango wa kwanza. Mzuri, rahisi, hauna madhara.

Usiku barafu ilikuwa imeshika kwenye nyasi. Alfajiri nikashuka chini, nikazima mashine ya kupasha nyumba joto, nikatangaza kwa huzuni kwamba imekufa. Nilishaiona picha: binti anasoma ndani ya blanketi, vidole vimekufa ganzi, pumzi inatoka kama mvuke, lakini kitabu hakiachi. Hapo hata Dwight angetoa kitambaa.

Linnea akavaa kofia. Akachukua tochi. Akashuka. Akarudi kabla sijakaa vizuri kitini.

"Baba, swichi ilikuwa imezimwa."

Nikasema labda panya.

"Panya wamezima swichi?"

Nikamwambia panya wa siku hizi hawaeleweki. Akanitazama kwa upole, kama anavyowatazama babu zake. Marlys alirudi kutoka kliniki akanikuta nimevaa sweta tatu kwenye nyumba yenye joto kamili. Hakusema neno. Namfahamu Marlys. Neno lile lipo, linasubiri zamu yake.

Jumanne, 8 Oktoba

Linnea amemaliza insha. Amenipa mwenyewe, akaenda kuchambua maharage ili asione uso wangu nikisoma.

Ameandika juu ya asubuhi moja ya Januari, akiwa na miaka tisa. Aliniuliza kwa nini ziwa linaimba likiganda. Kwa kweli linaimba, kila mtu hapa amelisikia: mlio mrefu kama wa waya unaovutwa. Anasema mimi, mwalimu mkuu, nilifungua mdomo kisha nikaufunga. Nikamwambia sijui. Tukavaa makoti, tukaenda tukalala kifudifudi juu ya barafu, masikio chini, hadi kope zikashikana. Halafu tukaenda maktaba. Anasema kabla ya siku ile alikuwa akiogopa sana kutojua kitu. Tangu siku ile haogopi.

Nilikwenda kupenga kamasi. Vumbi. Hili jiko lina vumbi.

Lakini tuseme ukweli: hakuna aliyekufa! Hakuna hata aliyeugua! Nikamwambia imeandikwa vizuri, ila inataka hatari kidogo. Je, barafu isingeweza kupasuka?

Akasema haikupasuka.

Nikasema ufa tu. Ufa mdogo, chini ya kiatu.

"Haikupasuka, Baba."

Ubishi huu umetoka upande wa Marlys.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto.

Mpango wa pili ulikuwa huu. Nimchukue Linnea kwa mtumbwi hadi ng'ambo ya ziwa, kutazama majani ya msimu yanavyogeuka rangi. Tukishafika, mtumbwi uondoke "kwa bahati mbaya". Turudi kwa miguu kupitia msituni. Njaa, malengelenge, uchovu, ujasiri. Kisha nyumbani, supu, insha. Shida halisi lakini yenye mipaka. Nilipima hatari zote kama ninavyompimia mteja, nikaficha mkate ndani ya koti.

Tukafika. Nikamtuma akatazame nyumba ya panya buku wa majini, wale wanaokata miti. Akaenda. Nikausukuma mtumbwi kwa mguu. Ukakataa. Nikausukuma kwa nguvu zaidi. Ukakubali ghafla, ukaenda, na mimi nikaenda nao.

Pale si nchi kavu. Pale ni majani yaliyotandazwa juu ya tope. Niliingia hadi kiunoni. Baridi! Sijui niielezeje. Nilivuta mguu wa kulia, wa kushoto ukazama. Nikavuta wa kushoto, wa kulia ukazama zaidi. Nikaita kwa sauti ya mtu mzima mwenye heshima. Halafu nikaita kwa sauti nyingine.

Linnea akatokea kwenye miti. Hakupiga kelele. Akaburuta mti mkavu, akaulaza mbele yangu, akaniamuru nilale kifudifudi juu yake na niache kupiga mateke. Mimi niliyemfundisha kusoma saa! Nikalala. Akanivuta kwa kola ya koti, akinihesabia pumzi. Nilitoka. Viatu vilibaki.

Mtumbwi haukwenda popote. Alikuwa ameufunga kwenye mzizi kwa kamba ndefu, kimya kimya, tulipofika. Kwenye begi lake kulikuwa na kiberiti, chupa ya supu, filimbi, na soksi kavu za kiume. Saizi yangu. Nikamuuliza kwa nini amebeba soksi zangu.

"Kwa sababu ulisema tunakwenda kutazama majani," akasema, "na uliposema hukunitazama."

Akawasha moto. Meno yangu yalipoacha kugongana nikamweleza yote. Insha, Dwight, banda, swichi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichokora moto kwa kijiti.

"Shida ninayo, Baba," akasema. "Sikutaka kuiandika tu."

Akaniambia. Signe, binti wa majirani, alipohamia Arizona na wazazi wake, Linnea alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baada ya hapo hakuwa na mtu wa rika lake wa kuzungumza naye, si wiki, si mwezi, ni kipupwe kizima na kinachofuata. Kila alasiri alikaa dirishani basi la njano la shule likipita. Aliwajua watoto wale kwa kofia zao. Aliwapa majina. Yule mwenye kofia nyekundu, Linnea alikuwa akimsimulia mambo yake yote, kimoyomoyo, hadi basi linapokata kona.

Saa ile ya basi naikumbuka. Ndiyo saa niliyokuwa nagonga kengele ya jiografia.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa na furaha sana, Baba."

Tukanywa supu. Mkate wangu wa koti ulikuwa umelowa tope, lakini aliula upande uliosalimika, akasema si mbaya. Wakati wa kurudi alipiga kasia yeye. Mimi nilikaa mbele nimejifunika, nikiyatazama majani. Kweli yamegeuka. Mekundu, ya dhahabu. Sikuwa nimeyaona wakati wa kwenda.

Jumapili, 13 Oktoba

Homa. Kanisani hatukwenda.

Nimemuuliza Marlys kama alijua. Akasema alijua. Tangu lini? Tangu wakati ule. Zile siku alizokuwa akimchukua mtoto kliniki, mimi nikiandika kwenye ratiba "biolojia", alikuwa anampeleka akae na msichana wa mapokezi, wapige soga tu, wapakane rangi ya kucha. Nikamuuliza kwa nini naye hakuniambia.

"Nilikwambia, Gordon. Ulisema utaongeza somo la hotuba."

Nilisema hivyo kweli. Na niliongeza. Linnea alikuwa akihutubia makabati.

Nimelala nikitazama dari. Nilidhani nafunga mlango shida isiingie. Nilipokuwa naufunga sikugeuka nyuma kuona nimefungia nini ndani. Bima ya kitu kama hicho hatuuzi. Nisingejua hata niiandike vipi.

Nilikaa na wazo hilo kwa heshima kabisa hadi kama saa tisa alasiri. Ndipo nikaketi ghafla kitandani. Jamani! Si ndiyo insha yenyewe! Dirisha, basi la njano, kofia nyekundu! Dwight na ndama wake wasingefua dafu!

Nikapanda ngazi nimejizungushia blanketi. Nikamwambia Linnea. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Sauti ikatoka ndani:

"Hiyo ni yangu, Baba. Siiuzi."

Nilibaki pale kwenye ngazi. Kuuza hata sikufikiria. Nilifikiria maneno mia sita ya insha tu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mkutano wa wazazi tena, kanisani. Dwight hakusimama kusoma chochote. Hakugusa keki. Nilimkuta nje kwenye maegesho, amekaa ndani ya lori lake, injini imezimwa, mikono kwenye usukani.

Nilitaka kupita. Akashusha kioo. Akasema Ezra amekataa. Hataki Wexcombe, hataki chuo chochote kwa sasa. Anataka kwenda kufanya kazi na fundi wa kule Bemidji anayejenga mabanda. Amesema jambo ambalo moto ule ulimwachia ni moja tu: hamu ya kujua banda linajengwaje lisiungue. Na ile insha, akasema Dwight, Ezra hakuiandika.

"Niliiandika mimi," akasema. "Yeye anasema ndama hawakulia. Anasema walinyamaza kabisa, na hilo ndilo linalomwamsha usiku. Mimi nikaweka kilio. Nikaona kinapendeza."

Nikapanda lorini, nikakaa naye. Nilimletea kahawa ile mbaya. Alisema kijana wake anasema ukweli na yeye hajui aanzie wapi kumjibu. Nikamwambia si lazima ajibu leo. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalikuwa maneno ya Marlys, nadhani.

Sikufurahia masaibu yake. Naandika hapa wazi: sikufurahia. Ila nilipofika kwenye taa za barabarani nikagundua ninapiga mluzi, nikaacha mara moja.

Jumanne, 29 Oktoba

Usaili wa Linnea, maktaba ya Duluth. Chuo kilimtuma mama mmoja aliyesoma Wexcombe zamani, Rosalind Achterberg, jaji mstaafu, nywele nyeupe, viatu vya mpira.

Nilikuwa nimeandaa ishara. Nikivua miwani, atabasamu. Nikifunua ukurasa wa gazeti, ataje hisabati. Nikikohoa, ataje Kilatini. Linnea alisema hatatazama upande wangu hata mara moja. Nilichukulia kwamba ni woga.

Nikajificha nyuma ya rafu ya vitabu vya uvuvi. Kila kitu kilikuwa tayari. Lakini kifua bado kilikuwa na baridi ya lile tope. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Nikashindwa kuacha. Kwa ishara zetu, nilikuwa namwamuru mtoto asome kamusi nzima ya Kilatini. Nikasikia viatu vya mpira vinakuja. Jaji akanyoosha mkono juu ya vitabu vya uvuvi, akanipa pipi ya kikohozi.

"Wewe ni baba yake," akasema.

Nikasema mimi ni msafiri.

"Basi msafiri ana pua ya huyu binti. Bwana msafiri, nje kuna benchi zuri."

Nilikwenda kukaa kwenye gari. Kupitia kioo kikubwa niliwaona wote wawili. Linnea alikuwa anaeleza kitu kwa mikono yote miwili. Jaji akacheka. Halafu Linnea akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, na mtu ambaye amemjua kwa nusu saa. Kicheko kile sikijui. Sijui alikipata wapi, wala alikuwa amekiweka wapi nyumbani kwangu. Nilijiona kama abiria aliyeteremshwa njiani, na basi likaendelea vizuri tu bila yeye.

Wakati wa kurudi nikauliza wamezungumza nini.

"Mambo."

Mambo gani?

"Mambo mazuri, Baba."

Ziwa Kuu lilikuwa kando yetu muda mrefu, la kijivu, halina mwisho. Linnea alilala, kichwa dirishani. Niliendesha polepole. Hakukuwa na haraka yoyote.

Ijumaa, 13 Desemba

Amepata!

Aliona kwenye kompyuta, hapa mezani. Akapiga ukelele. Marlys akapiga ukelele. Marlys huyo huyo akafungua kabati la juu, akatoa kengele, akanikabidhi. Nikaigonga hadi jirani akapiga simu kuuliza kama kuna moto.

Alipeleka insha ya barafu. Vilevile ilivyokuwa. Hakuna ufa. Chini ya barua yao ya kumpokea, mtu ameandika kwa maneno yake mwenyewe kwamba waliisoma kwa sauti ofisini, na kwamba wawili kati yao sasa wanabishana kwa nini barafu huimba.

Dwight alikuja jioni na mkate wa tangawizi. Alinikumbatia vizuri. Akasema Ezra amejenga ngazi yake ya kwanza, na haichezi. Alisema "haichezi" kama mimi ninavyosema "Wexcombe".

Walipokuwa wanakula nilitoka kusafisha theluji njiani. Marlys akanikumbusha kwamba haijaanguka theluji tangu Jumatano. Nikamwambia najua. Nilisimama na koleo. Mwendo wa siku mbili na nusu kwa gari hadi Wexcombe, nimeshapima. Dirisha la jikoni lilikuwa na mwanga, na Linnea alikuwa ndani yake, amesimama, anazungumza. Kutoka nje mtu anaonekana mdogo sana dirishani. Basi la njano lingekuwa linapita pale nilipo, kwa mbali kidogo tu.

Nimeapa nikiwa nimeshika koleo: kuanzia leo siingilii. Mtoto ni mtu mzima. Mambo yake ni yake. Nimejifunza.

Jumatatu, 16 Desemba

Jambo dogo tu, na si kuingilia.

Chuo kimefungua ukumbi mtandaoni ambapo wanafunzi wapya wanajuana kabla ya kufika. Linnea amejiunga, lakini tangu Jumamosi ameandika sentensi moja! Moja! Na watoto wa mjini wanaongea usiku na mchana. Je, akifika kule akakosa rafiki? Akakaa dirishani tena? Baba gani anaweza kulijua hilo na kukunja mikono?

Kwa hiyo nimejiunga. Kwa jina la Britta, miaka kumi na minane, wa Wisconsin. Anapenda kufuma, kucheza karata, na supu. Nilikwenda garini, ndani ya banda la gari, nikawasha kompyuta, nikaandika: *Hamjambo wenzangu! Nasikia kuna msichana mmoja mwema sana kutoka Minnesota kaskazini. Nani angependa kuwa rafiki yake? Mimi ningependa.*

Wawili wakaweka nyuso za kutabasamu. Mmoja akauliza kama Britta ni mtu kweli. Nikamjibu kwa adabu kwamba ndiyo, na tena ana meno yake yote. Kisha likaja jibu la Linnea mwenyewe.

*Karibu sana, Britta. Nimefurahi kukufahamu. Chakula kiko mezani, na Mama anasema ukitoka garini uzime taa.*

Nikazima taa. Nikaingia. Viazi vya tanuri na uyoga. Marlys alikuwa ameinamia sahani, mabega yanamtikisika. Linnea akanisogezea mkate.

"Chukua, Britta."

Nimekaa nikiwaza tangu tulipoondoa vyombo. Amejuaje? Kufuma ni sawa. Karata ni sawa. Supu nadhani nilizidisha. Lakini nimeshaliona kosa lilipo: ni jina. Britta ni jina la kizee, mtoto yeyote wa siku hizi angeshtuka.

Kesho nitakuwa Madison.